Mtumishi anajifunza kwa jirani yake wa meza

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi pale Morogoro, mbele ya vijana wa kada ya utumishi na utawala. Wengi waliokosa ruhusa wameniomba niiweke yote, basi ndo hii. Nimeiacha kama nilivyoisema, vile vibao vya ukutani tu ndo nimevitoa.

Mwenyekiti wetu, wazee wenzangu mliokaa huku mbele, shikamooni. Na nyie wanangu, hamjambo? Naona wengine mmetoka Rukwa, mmetoka Lindi, mmelala kwenye basi, poleni sana na ahsanteni kwa kuja.

Nimeambiwa niongee kuhusu mageuzi ya utumishi wa umma na jinsi yanavyobadilisha utamaduni wa kazi. Mi nimeingia kazini 1989, nimestaafu 2023. Hiyo miaka yote nimekaa upande wa utumishi, nimeandika barua za ajira, nimeandika barua za kufukuzwa, nimepokea waraka juu ya waraka, na swali moja nimetembea nalo muda wote huo. Kwa nini tumefanya mageuzi kwa zaidi ya miaka 30 na bado kuna mama leo hii, sa hizi tunavyoongea, anaambiwa njoo kesho?

Nitawapa jibu langu sasa hivi ili mkisinzia baada ya chakula muwe mmeshalipata. Mtumishi hajifunzi kazi kwenye waraka. Mtumishi anajifunza kwa kuangalia kilichompata mwenzake wa meza ya jirani. Waraka unaweza ukasema chapa kazi, toa huduma bora, mteja kwanza, lakini kama jirani yangu aliyechapa kazi kaachwa pale pale, na jirani mwingine aliyekaa kimya kapanda, mi nimeshasoma waraka wangu, sihitaji mwingine.

Turudi nyuma. Mwaka 1991 serikali yetu ilianzisha programu ya kwanza kubwa ya mageuzi. Hali ilikuwa mbaya jamani, msidanganywe na wanaosema zamani kulikuwa kuzuri. Watumishi walikuwa wengi kuliko hela, mshahara hauvuki tarehe kumi, mtu anaripoti asubuhi, ikifika saa nne ameshaondoka kwenda kwenye kuku zake kwa sababu kuku ndo zinamlisha. Wakopeshaji wa nje nao walikuwa wameikaba serikali, punguzeni watu. Basi tukapunguza. Kutoka watumishi kama 355,000 mwaka 1992 tukashuka mpaka chini ya 270,000 kufikia mwisho wa muongo ule. Mnaelewa hiyo ni nini? Ni kama mtu mmoja kwa kila wanne.

Ofisini kwetu kulikuwa na mzee mmoja wa masijala. Sitamtaja jina, tulikuwa tunamwita Babu. Elimu yake darasa la saba. Lakini Babu ukimwambia nataka jalada la mwalimu fulani alihamia mwaka 82, hainuki kwenye kiti, anakwambia kabati la tatu, droo ya chini kabisa, lile lenye doa la chai kwenye kona. Unaenda, unavuta droo, doa la chai hili hapa. Siku orodha ya wanaopunguzwa ilipobandikwa ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, watu wamejazana kwenye ubao, na Babu alikuwa wa pili kutoka juu kwa sababu kigezo kimoja kilikuwa elimu. Akasoma jina lake, akarudi masijala, akafunga makabati yote, akaweka funguo mezani kwangu akasema, "Mwanangu, lile la Kigoma bado linadaiwa barua." Akaondoka.

Majalada yakaanza kupotea wiki iyo iyo. Yani hayakuibiwa, yalikuwepo, ila aliyejua yalipo hayupo. Hilo la majalada lilipona baada ya mwaka hivi. Ambacho hakikupona ni walichojifunza waliobaki. Nikaanza kuona afisa anatoa barua halisi kwenye jalada anaziweka kwenye droo yake, na droo ina kufuli aliyonunua mwenyewe. Namuuliza vipi? Ananijibu bila kuficha, "Wakinitoa watanifuata." Mwingine anaondoka likizo na funguo za kabati ziko mfukoni. Kuna mwalimu alitoka mbali kufuatilia malimbikizo yake akakaa mjini siku tisa, tisa, analala kwa ndugu wa rafiki yake, anasubiri mtu mmoja arudi msibani kwa sababu funguo iko kwake.

Sasa mwananchi akiona hivyo anasema watumishi ni wavivu. Walikuwa na hofu, hawakuwa wavivu, na taarifa ndo ilikuwa bima yao. Programu ile kwenye karatasi ilisema tunataka utumishi mdogo wenye ufanisi. Mtumishi aliyebaki akasikia: jifanye huwezi kukosekana. Nawaomba mlishike hilo, maana mpaka leo kuna ofisi mtaingia mtakuta mtu mmoja ndo anajua nywila ya mfumo, na hampi mtu.

Nitakuwa mkweli kwamba muongo ule ulizaa na mazuri. Wakala za serikali zilianza baada ya sheria ya 1997, mamlaka ya mapato ilishaanza kazi 1996, na sera ya 1999 ikaweka msingi kwamba mtu aajiriwe kwa ushindani na apande kwa sifa. Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 ikaja kuyafunga hayo. Kwa sifa! Kumbukeni hilo neno, manake nakuja kwenye OPRAS, ule mfumo wa wazi wa kumpima mtumishi utendaji wake kila mwaka.

(Wengi walicheka hapa, wazee zaidi.)

Mnacheka kwa sababu mnajua. Lakini mnajua kabla ya OPRAS kulikuwa na nini? Kulikuwa na taarifa ya siri. Bosi anakuandika, we huoni. Unaweza ukakaa miaka 10 hupandi na hujui kwamba kuna mtu aliandika "si mwaminifu" kwa sababu siku moja ulikataa kumbebea mkaa kwenye gari la serikali. Kwa hiyo OPRAS ilivyokuja mwaka 2004, wanangu, mi nilifurahi, nilifurahi kwelikweli. Wazo lake lilikuwa zuri. Mwezi wa saba unakaa na msimamizi wako mnakubaliana malengo, katikati ya mwaka mnaangaliana mmefika wapi, mwezi wa sita mnafunga hesabu, na wewe unaweka alama yako na yeye anaweka yake. Uwazi. Mazungumzo. Nani angelikataa hilo?

Sasa ngoja niwapeleke kwenye ofisi moja, wiki ya mwisho ya Juni. Meza moja, watu sita, fomu zimetapakaa, na katikati kuna kalamu mbili, ya bluu na nyeusi. Mbili za nini? Kwa sababu ile sehemu ya mapitio ya nusu mwaka inatakiwa ionekane iliandikwa Desemba. Kwa hiyo unaandika malengo kwa bluu, mapitio kwa nyeusi, unarudi bluu. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanaandika: "Kutoa huduma bora kwa wateja kwa asilimia mia moja." Wote sita, sentensi ile ile. Kisha zinapelekwa kwa mkuu zote kwa pamoja, anasaini amesimama, gari linamsubiri. Halafu zinakuja kwangu. Mi nazipanga kwenye boksi, naandika mwaka juu ya boksi, boksi linaenda stoo. Hakuna mtu aliwahi kuja kuniomba boksi. Hata mmoja.

Kwenye ofisi iyo iyo kulikuwa na dada mmoja wa madai. Alikuta madai ya walimu yamerundikana tangu kabla hajaajiriwa, akayachambua moja moja, jioni tunatoka yeye yupo, Jumamosi yupo, akayamaliza yote yaliyokuwa na vielelezo. Hiyo fomu yake ya mwaka ule aliijaza mwenyewe, kwa ukweli, na alijipunguzia alama pale ambapo hakufikia lengo. Mwaka wa kupanda daraja ulipofika akapanda siku moja na mwenzake ambaye kazi yake ilikuwa kusaini daftari la mahudhurio na kupotea. Tarehe moja, daraja moja, mshahara mmoja, sababu waliajiriwa mwaka mmoja. Na yule mwingine fomu yake ilikuwa na alama za juu kuliko za huyu dada.

Akaja ofisini kwangu, hakulia, hakupiga kelele. Akaniuliza, "Mama, nilikosea wapi?"

Nilikosa jibu. Mwaka uliofuata, wiki ya mwisho ya Juni, nikamuona na yeye kwenye ile meza ya kalamu mbili.

Mnaona? Hakuna mtu aliyemfundisha uvivu. Serikali ilimpa fomu inayosema nitakupima, halafu ikamuonyesha kwamba kipimo hakina kazi. Ni bora kusingekuwa na kipimo kabisa. Kipimo kisicho na matokeo kinafundisha watu kuandika uongo kwa mwandiko mzuri, na mtu akishazoea kuandika uongo mdogo kwenye fomu yake, kesho ataandika kwenye taarifa ya mradi, keshokutwa kwenye idadi ya madawati.

Wenzetu Kenya mwaka huo huo wa 2004 walianza mikataba ya utendaji, ila wao walianzia juu, kwenye mashirika ya umma 16, halafu wizara zikafuata, na matokeo yakawa yanatangazwa nani wa kwanza nani wa mwisho. Na wao walipata ugonjwa wao, watu wakajifunza kuweka malengo mepesi ili wayavuke. Lakini angalau karani aliona kwamba na bosi wake ana karatasi inayomsumbua. Sisi karatasi ilianzia kwa mdogo na mara nyingi ikaishia kwa mdogo.

Haya, tuje mwaka 2015. Hapa naomba tuongee kwa heshima maana kuna watu humu ndani wana machungu na kuna wengine wana mapenzi makubwa, na wote wana haki.

Hayati Rais Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba 2015, na kesho yake akatembea kwa miguu mpaka Wizara ya Fedha, akakuta viti havina watu. Ile habari ilifika kwenye halmashauri zetu kabla ya saa sita mchana. Na nawaambia ukweli wangu, Jumatatu iliyofuata nilikuta parking imejaa saa moja na nusu. Ule mchezo wa kuacha koti kwenye kiti ili uonekane umetoka kidogo, uliisha. Koti zilirudi migongoni. Wananchi walihudumiwa, wazee walipewa kiti, mtu anakufuata mlangoni kukuuliza mama una shida gani. Hilo lilitokea na nililiona kwa macho. Likaja la wafanyakazi hewa, likaja la vyeti, tarehe 28 Aprili 2017 pale Dodoma ikasomwa taarifa ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mi nimewakabidhi watu barua zile, mkono kwa mkono. Wengine walikuwa na miaka 25 kazini. Sheria ni sheria, aliyeghushi kaghushi, ila mkono ulikuwa unatetemeka.

Lakini swali langu ni lile lile. Aliyebaki alijifunza nini?

Kuna mkuu wa idara mmoja alisimamishwa mkutanoni, hadharani, kipaza sauti kikiwa kimewashwa, watoto wake wakiwa nyumbani wanaangalia. Uchunguzi ukafanyika baada ya hapo, miezi saba, ukamkuta hana kosa. Akarudishwa kwa barua. Barua ya ukurasa mmoja, aliyoisoma yeye na mimi na karani. Kusimamishwa kwake kulionwa na mkoa mzima, kusafishwa kwake kulionwa na watu watatu.

Miezi michache mbele upepo ukaezua paa la zahanati moja ya kata. Hela ya kuezeka ilikuwepo kwenye mapato ya ndani, tena si nyingi. Ilitakiwa mtu aandike kwenye dokezo "nakubali, itekelezwe" asaini. Mi lile jalada lilikuja kupita kwangu baadaye nikahesabu. Madokezo kumi na moja. La kwanza, "naomba maelekezo yako." La pili, "nashauri tupate maoni ya mwanasheria." La tatu, "mwanasheria, kwa maoni." La nne, "naona suala hili ni la kitaalamu zaidi, mhandisi ashauri." La tano, mhandisi anashauri suala lirudi kwa mwenye idara. Kumi na moja, na hakuna lililosema ndio na hakuna lililosema hapana. Lugha nzuri kabisa, Kiswahili sanifu, saini zimenyooka. Na mvua za masika zikaja zikakuta wamama wanajifungulia chini ya turubai.

Wale watu kumi na moja niliwafahamu wote. Hakuna hata mmoja alikuwa mtu mbaya. Kila mmoja alikuwa anamkumbuka yule mkuu wa idara.

Kwa hiyo hofu ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja, ilirudisha miili ofisini na ikaondoa maamuzi. Kuwahi ni kitu kidogo, kusaini ndo kitu kikubwa, na mtu huwezi kumtisha asaini. Ukiongeza na kwamba kuanzia katikati ya 2016 ajira na upandishaji madaraja vilisimamishwa kupisha uhakiki, na nyongeza ya mwaka haikuonekana kwa miaka, mtumishi akajikuta ana kila sababu ya kuogopa na hana sababu ya kujituma. Mama Samia alivyoingia 2021 madaraja yakarudi, 2022 kima cha chini kikapanda kwa asilimia 23.3, watu wakapumua. Ila mkono uliozoea kuandika "naomba maelekezo" hauponi kwa mshahara peke yake. Nyie mtaukuta huko mnakokwenda, na msipoangalia utawaambukiza.

Sasa kuna mageuzi yaliyofanikiwa? Yapo, na ajabu yake ni kwamba yalipigiwa kelele kidogo.

Mfumo wa malipo ya serikali, ule wa kontroo namba, ulianza 2017. Kabla yake kulikuwa na dirisha, kuna mtu dirishani, kuna kitabu cha stakabadhi, na kuna noti mkononi mwake. Tumefanya semina za maadili za miaka yote kwa yule mtu wa dirishani na hazikusaidia. Kontroo namba haikumwambia awe malaika. Iliondoa noti mkononi, basi. Mwananchi analipa kwenye simu akiwa nyumbani kwake. Na yule mtu wa dirishani, nimeongea na mmoja, ananiambia siku hizi nalala, zamani kila mwisho wa mwezi nilikuwa na presha hata kama sijachukua senti. Utamaduni umebadilika na hakuna mtu aliyetukanwa.

Na ule mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, wa vyeti vya kuzaliwa vya watoto chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya 2013. Kabla ya hapo nchi nzima wenye cheti hawakufika hata mtoto mmoja kati ya watano wa umri ule. Walichofanya walishusha mamlaka, kliniki na ofisi ya mtendaji wa kata vikawa vituo vya usajili, cheti bure, taarifa zinatumwa kwa simu. Mi nilikaa kwenye kliniki moja asubuhi nzima kuangalia. Nesi anapima uzito, anachoma chanjo, anafuta meza, anachukua cheti anaandika jina la mtoto kwa mkono, polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtoto wa shule, anamuuliza mama mara mbili herufi za jina, anampa. Akaniambia zamani nilikuwa nampa tangazo la kizazi namwambia nenda wilayani, na najua haendi, nauli hana. Nikamuuliza na sasa? Akasema, "Sasa jina nimeandika mimi."

Hamna aliyemtisha yule nesi na hamna aliyempa fomu ya malengo. Alipewa madaraka, na kalamu, na akaaminiwa, na matokeo anayaona yanatoka mlangoni yamebebwa mgongoni.

PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji, sitaiongelea sana maana nyie ndo mnaijaza. Imechukua nafasi ya OPRAS, na ina kitu kizuri, alama yako unaiona na bosi hawezi kusaini boksi zima amesimama. Lakini nimekutana na mwalimu anayepanda kilima Ijumaa jioni kutafuta mtandao, simu kaazima, bando kanunua mwenyewe, na msimamizi wake ana watu zaidi ya 60 wa kuwapitisha, saa tano usiku anabonyeza alama moja kwa wote. Nikisikia hivyo naziona zile kalamu mbili, zimepata bando tu. Mfumo huu utakufa au utapona kutegemea kitu kimoja: mwaka wa kwanza ambao mwalimu bora wa kijiji kile atapanda kabla ya mwenzake wa daftari la mahudhurio, na walimu wote wa tarafa wakaliona hilo.

Na kuna watu humu ndani mtakaokaa kwenye vikao vya kupandisha watu, siyo mbali, miaka miwili mitatu. Nawaomba kitu kimoja tu. Jalada likija mezani kwako, kabla hujaandika "naomba maelekezo", andika kwanza maoni yako, mstari mmoja, ndio au hapana na kwa nini, kisha jina lako. Na mwenzako akiandika hivyo na akakosea kwa nia njema, simama naye kikaoni, sema kwa sauti, watu wakusikie.

Naona yule dada wa nyuma kanyoosha mkono tangu nikiwa kwenye OPRAS. Karibu mwanangu, uliza.